Nyigu Watatu wa Pangani: Majina Yao na Mipaka ya Makazi Yao

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Pangani. Nyumbani kwangu nimeona nyigu wa aina tatu. Wa kwanza ni wa rangi ya hudhurungi, wana miguu mirefu, na wamening'iniza kiota cha kijivu kama karatasi chini ya makuti ya baraza. Wa pili ni mweusi mwenye miguu ya njano, amebandika udongo ukutani nyuma ya kabati. Wa tatu anang'aa kijani kama kito. Nilimwona akimvuta mende mkubwa kwa kipapasio mpaka kwenye ufa wa ukuta. Nimewapiga picha nikazipeleka kwenye programu ya simu, ikanijibu kwamba wa kwanza ni Polistes dominula wa Ulaya, wa pili ni Sceliphron caementarium wa Marekani na wa tatu ni Ampulex compressa. Je, ni kweli nyigu wa Ulaya na Marekani wameshafika Pangani? Nikitaka kuwatambua mwenyewe pamoja na wanafunzi wangu niangalie nini? Na mbona ramani nilizoziona hazina hata nukta moja kwetu?"

Marahaba, mwalimu. Picha zako nimezitazama moja baada ya nyingine kwenye kioo kikubwa, na nakushukuru kwa kupiga kiota, ubavu na uso badala ya kuniletea mgongo peke yake kama wengi wafanyavyo. Simu yako imekosea mara mbili na kupatia mara moja. Nyigu wa barazani ni wa jenasi (kundi la spishi zenye nasaba ya karibu) iitwayo Belonogaster, ambayo kitovu chake ni Afrika kusini mwa Sahara. Wa udongo ni Sceliphron spirifex, mwenyeji wa Afrika anayepatikana mpaka kusini mwa Ulaya. Wa kijani ni Ampulex compressa kama ulivyoambiwa. Nyumba yako haijavamiwa na mgeni yeyote kutoka Ulaya wala Marekani.

Sasa nieleze nimejuaje, kwa sababu jina bila njia ya kulifikia halitakufaa mbele ya wanafunzi wako.

Kwanza tuyaweke sawa maneno yetu wenyewe. Mtu wa pwani akisema nyigu huenda anamkusudia yule wa kiota cha karatasi anayeuma kwa kundi, na akisema dondora au mavu anamkusudia yule mkubwa anayevuma peke yake. Ukivuka ua ukaingia kwa jirani, huenda ukakuta majina yamebadilishana. Silioni hilo kuwa kosa. Majina hayo yaliwekwa na watu waliotaka kujua nani wa kumkwepa, nayo yanaifanya kazi hiyo vizuri. Taabu huanza pale mtu anapomchukua dondora wetu na kumlinganisha na jenasi Vespa, wale nyigu wakubwa ambao habari zao zimeenea sana mtandaoni. Jenasi hiyo ina spishi 22 hivi, na karibu zote ni za Asia. Aliye karibu nasi kuliko wote ni Vespa orientalis, anayeishi Misri na sehemu nyingine za kaskazini-mashariki mwa bara hili. Tanga haina Vespa mwenyeji. Kwa hiyo mwanafunzi akikuletea habari za Vespa velutina, aliyeingia Ufaransa mwaka 2004 na kuwa adui mkubwa wa wafugaji wa nyuki, mweleze kwamba ni habari ya kweli lakini ni ya Ulaya, na kwamba dondora wa kwenye mti wake wa mwembe ana nasaba nyingine kabisa.

Simu yako imekosea kwa sababu inalinganisha picha yako na picha ilizolishwa, na nyingi kati ya hizo zimepigwa Ulaya na Amerika Kaskazini, kwenye wapigapicha wengi wa wadudu. Ikionyeshwa kiota cha karatasi chenye nyigu mwembamba, hutafuta anayefanana naye kati ya wale inaowajua, na Polistes dominula imemwona mara elfu kwa elfu. Programu nyingi za namna hii haziulizi picha imepigwa wapi, au zikiuliza hazilipi jibu lako uzito unaostahili. Mtambuzi wa wadudu aliyefunzwa hufanya kinyume chake. Kabla hajatazama rangi huuliza: wapi, lini, kwenye nini, na alikuwa akifanya nini?

Tuanze na wale wa barazani. Kesho alfajiri, kabla jua halijawapasha moto, simama hatua tatu au nne kutoka kwenye kiota, usikielekezee pumzi yako wala usiuguse mlingoti wa baraza, na uwatazame mbawa. Utaona kwamba kila ubawa wa mbele umekunjwa kwa urefu wake, kama kanga iliyokunjwa na kulazwa begani, hata ubawa mpana ukaonekana utepe mwembamba. Hiyo ni alama ya familia ya Vespidae, ambamo wamo nyigu wote wa karatasi pamoja na wafinyanzi wengi wa udongo. Alama ya pili ipo usoni. Jicho la Vespidae halikuwa duara. Upande wa ndani lina bonde, kama punje ya haragwe. Kwenye picha yako ya nne bonde hilo linaonekana wazi. Ukipata alama hizi mbili pamoja, familia umeshaijua, na hapo rangi bado hujaigusa.

Kutoka kwenye familia kwenda kwenye jenasi, shuka kiunoni. Polistes ana kiuno kifupi: pingili ya kwanza ya tumbo huanza nyembamba na kupanuka mara moja kama pia, kisha tumbo zima linachongoka mwishoni. Belonogaster ana pingili ya kwanza ndefu sana, inayoanza kama kijiti na kunenepa polepole kuelekea nyuma, hata mdudu akiruka utaona tumbo lake limening'inia nyuma kama mzigo uliofungwa kwenye kamba. Nyigu wako wana kiuno hicho cha pili. Isitoshe, Polistes dominula ana mistari mikali ya njano juu ya weusi na vipapasio vya rangi ya chungwa, na wako ni wa hudhurungi mwili mzima isipokuwa madoa hafifu tumboni. Ukikutana na wengine wafupi, wadogo kuliko ukucha wa kidole gumba, wenye kiota kidogo chini ya jani la mgomba au la mkonge, fikiria jenasi ya tatu, Ropalidia, ambayo nayo ipo pwani yetu.

Kuhusu spishi, sitakwenda mbali zaidi kwa picha. Belonogaster juncea, aliyeelezwa na Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmark, mwaka 1781, ameenea sana Afrika, na ningeambiwa nikisie ningemtaja yeye. Lakini katika jenasi hii kuna spishi nyingi zinazofanana rangi na kutofautiana kwenye vinyweleo, vitobo vya ngozi, umbo la uso na viungo vya uzazi vya dume, mambo yanayohitaji hadubini na mdudu mwenyewe mezani. Mtu akikupa jina la spishi ya Belonogaster kwa picha ya simu bila kusita, mshukuru, kisha uandike jina la jenasi tu.

Wa pili nampenda zaidi, kwa kuwa kila mtoto wa Pangani ameshamwona hata kama hajui. Nenda kwenye bomba linalovuja wakati wa kaskazi, ardhi nyingine yote ikiwa imekauka. Atakuja nyigu mweusi, miguu ya nyuma ya njano ikining'inia. Atatua kwenye tope, atainua tumbo juu, ataanza kukwangua kwa taya huku akitoa mlio mwembamba, na baada ya muda mfupi ataondoka na kidonge cha udongo chenye ukubwa wa mbegu ya mpapai. Akifika ukutani mlio huo unarudi tena, maana anautetemesha udongo ili ukae. Mtazame akiwa ametulia: mbawa zake hazikukunjwa. Zimelala bapa juu ya mgongo zikiwa na upana wake wote. Hapo hapo umeshatoka kwenye Vespidae na kuingia kwenye familia ya Sphecidae. Kiuno chake nacho si cha kunenepa polepole. Ni uzi mmoja ulionyooka, mwembamba tangu mwanzo hadi mwisho kama uzi wa katani, kisha tumbo linatokea ghafla.

Rangi ya uzi huo ndiyo inayotenganisha jina ulilopewa na simu na jina la kweli. Sceliphron spirifex ana kifua cheusi kitupu na kiuno cha njano. Sceliphron caementarium wa Marekani kwa kawaida ana kiuno cheusi na madoa ya njano kifuani. Picha yako inaonyesha kifua cheusi kama makaa na kiuno cha njano, na kwa jenasi hii, pamoja na mahali, naridhika kulitaja jina la spishi. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeanzisha mtindo wa majina ya Kilatini ya viumbe, alimpa jina mwaka 1758, kwa hiyo ni mmoja wa nyigu wa kwanza kabisa kuingia katika vitabu vya sayansi kwa mtindo tunaoutumia mpaka leo.

Kiota chake ukikibandua kwa kisu baada ya kizazi kutoka, utakuta vyumba virefu vimepangwa sambamba, na juu yake udongo wa jumla uliofunika yote hata kikaonekana kama konzi ya tope iliyorushwa ukutani. Ukikifungua kabla ya kizazi kutoka, utakuta chumba kimeshindiliwa buibui wadogo, wa kijani, wa kijivu, weupe wa maua, miguu imekunjwa kifuani. Gusa mmoja kwa ncha ya sindano: ni laini, na pengine mguu utacheza. Hawakufa. Wamepoozeshwa kwa mwiba ili wasioze kabla buu hajawamaliza. Chakula hicho nacho ni alama ya utambuzi. Ukikuta buibui ndani ya udongo, waza Sceliphron. Ukikuta viwavi, basi mjenzi ni mfinyanzi wa Vespidae, labda Delta, ambaye wakubwa wao hapa pwani hufika urefu wa kidole cha mtoto. Delta hulining'iniza yai lake kwa uzi ndani ya chungu kabla ya kuleta kiwavi wa kwanza. Kati ya wafinyanzi hao wa viwavi ipo pia jenasi Synagris, ya Afrika kusini mwa Sahara, wengi wao weusi wenye ncha ya tumbo ya chungwa. Dume la Synagris cornuta, wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, lina taya zenye pembe ndefu kama za mbawakawa.

Hapa nataka kukutahadharisha kwa jambo lililonipata mwenyewe. Nilipokuwa mwanagenzi nilibandua kiota cha udongo kwenye ukuta wa chokaa huko Ngamiani, nikakitia kwenye chupa na kuifunga kwa kitambaa, nikaandika lebo mapema: Sceliphron. Baada ya wiki kadhaa ukatoka mdudu mnene, mgumu, anayewaka bluu na kijani, ngozi yake imejaa vitobo kama mtondoo wa fundi cherehani. Nilikuwa karibu kuandika kwamba nimegundua rangi mpya ya Sceliphron. Aliyekuwa mwalimu wangu alimweka chini ya hadubini, akanionyesha kwamba tumbo lake ni bonde kwa chini na linaweza kujikunja mwili ukawa mpira, na akanitajia jina: Stilbum cyanurum, nyigu anayetaga katika viota vya wafinyanzi wa udongo na kuwaachia wao gharama ya ujenzi na mawindo. Tangu siku hiyo sijaandika jina la mdudu kwa kutazama nyumba aliyotokea. Wafundishe wanafunzi wako waandike vitu viwili mbalimbali, kiota cha nani na ametoka nani, hata pale majibu yatakapofanana.

Kuhusu Ampulex compressa maelezo yako yametosha hata bila picha. Hakuna mwingine nyumbani kwako mwenye mwili wa kijani cha kito, mapaja mekundu ya miguu ya kati na ya nyuma, na tabia ya kumwongoza mende kwa kipapasio kama mtu amvutavyo ng'ombe kwa kamba. Humchoma mara mbili: kwanza kifuani, ili miguu ya mbele ilegee kwa muda, kisha kichwani, ndani ya ubongo, ili mende apoteze hamu ya kukimbia ingawa miguu yake ingali mizima. Baada ya hapo humkata sehemu ya vipapasio, akamwongoza shimoni, akamtagia yai mguuni na kuziba mlango kwa vijiwe na takataka. Usimwue, mwalimu. Mtu hana ugomvi naye.

Utaona kwamba rangi nimeitumia mara chache, na nimeitumia mwishoni. Sababu ni kwamba katika Afrika nyigu wa familia tofauti kabisa wanaoishi eneo moja mara nyingi wamevaa sare moja. Utakuta mfinyanzi wa viwavi, mwindaji wa buibui wa familia ya Pompilidae na hata nzi na nondo wasio na mwiba wote wakiwa weusi wenye ncha ya chungwa au mbawa za kiza. Ndege aliyeumwa na mmoja huwaepuka wote, na faida hiyo imewavuta kwenye mwonekano mmoja. Na spishi moja iliyoenea mbali inaweza kubadilisha sare kutoka nchi hadi nchi. Anayetambua kwa rangi atawaunganisha wasio ndugu na kuwatenganisha walio ndugu; kiuno, mbawa, jicho na chakula havidanganyi kwa urahisi namna hiyo.

Sasa nije kwenye ramani, ambalo kwangu ndilo swali lako zito kuliko yote. Ukiona ramani ya nyigu ina nukta kumi Kenya, tano Kilimanjaro na sifuri Pangani, usifikiri kwamba nyigu wameiruka Pangani. Ramani hiyo inakueleza mahali ambapo mtu mwenye wavu alisimama. Nukta za zamani za mkoa wetu zimekusanyika Amani, kwa sababu Wajerumani walifungua taasisi yao ya kibiolojia na kilimo huko Usambara Mashariki mwaka 1902, na wataalamu wake, akiwamo mwanazuolojia Julius Vosseler, walikusanya wadudu mlangoni mwao. Upande wa Kilimanjaro na Meru kuna nukta nyingi kwa kuwa Yngve Sjöstedt wa Sweden alikaa huko na msafara wake mwaka 1905 hadi 1906. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911 ilifanya bonde lote hilo lifikike kwa urahisi. Pangani ilibaki pembeni, na upembeni huo ndio unaouona kwenye simu yako. Sceliphron spirifex yupo Pangani. Ninyi mmekaa naye nyumba moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika.

Hata hivyo si kila nafasi tupu ni uzembe wa watu. Ukitoka Pangani ukapita Muheza ukapanda hadi Amani, penye urefu wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, unasafiri chini ya kilomita 150 na kuvuka mipaka halisi. Joto linashuka, mvua inaongezeka, minazi inaisha na msitu unaanza. Misitu ya Usambara imekaa peke yake kwa muda mrefu sana na ina viumbe wengi wasiopatikana kwingine. Nyigu wa nyumbani kama Sceliphron hufuata ukuta na tope popote palipo na mtu, kwa hiyo wameenea. Nyigu anayetegemea mdudu mmoja wa mti mmoja wa msitu hawezi kushuka nawe mpaka ufukweni.

Mfano ulio wazi upo kwenye mkuyu. Maua ya mkuyu yamo ndani ya tunda, nayo huchavushwa na nyigu mdogo mno, Ceratosolen arabicus, anayejipenyeza kwenye tundu la kuyu hata mbawa zikakatika. Vunja kuyu lililoiva hapo kwenu uweke chini ya lenzi, utawakuta. Mkuyu huo huo ulipelekwa Misri zama za kale na upo mpaka leo, lakini nyigu wake hakufuatana nao. Huko matunda huiva bila mbegu, na miti huzalishwa kwa vipandikizi vya matawi. Mti umevuka mpaka ambao nyigu hakuuvuka. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba ramani ya mdudu ina sababu zake, anzia hapo.

Na ipo mipaka iliyovukwa kwa mkono wa mtu, nayo inajibu hofu uliyokuwa nayo kuhusu wageni. Wageni wa bahati mbaya wapo Afrika, ila wapo mbali nasi. Vespula germanica wa Ulaya alionekana Cape Town mwaka 1974, na Polistes dominula, huyo huyo aliyetajwa na simu yako, alitambuliwa katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, mwaka 2008. Cape ina mvua za majira ya baridi na kiangazi kikavu, hali inayofanana na nchi za Mediterania walikotoka. Pwani yetu yenye joto na unyevu mwaka mzima haiwafai vivyo hivyo. Kwa kuwa malkia mmoja aliyekwisha kupandwa anaweza kujificha kwenye shehena na kusafiri, bandari kama ya Tanga inastahili macho. Ukiona kweli nyigu wa mistari mikali ya njano na vipapasio vya chungwa, nipelekee habari siku hiyo hiyo.

Wapo pia walioletwa kwa makusudi, na hao wamekulisha, mwalimu, bila ya wewe kuwajua. Miaka ya 1970 muhogo wa Afrika uliingiliwa na vidudu vyeupe kama unga, Phenacoccus manihoti, vinavyodumaza ncha za mche. Asili yake ni Amerika Kusini, na huko huko, Paraguay, ndiko alikopatikana adui yake, nyigu asiyezidi milimita chache aitwaye Anagyrus lopezi. Aliachiwa kwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981, akasambazwa nchi nyingi za ukanda wa muhogo, Tanzania ikiwamo, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mwaka 1993, hapo jirani pwani ya Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiliachia Cotesia flavipes kutoka Asia dhidi ya Chilo partellus, kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi. Nyigu wa namna hii hawajengi kiota cha kuonekana na hawamchomi mtu, lakini ni wengi kuliko wale wa barazani kwa hesabu isiyolingana, na ramani zao ndizo tupu kuliko zote.

Nasi tumetoa. Scolia ruficornis, nyigu mkubwa mwenye manyoya ambaye buu lake hula mabuu ya chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi, alichukuliwa Zanzibar akapelekwa Samoa kulinda minazi ya huko. Hawaii ilipoingiliwa mwaka 2005 na nyigu mdogo wa vivimbe vya majani, Quadrastichus erythrinae, miti yake ya jenasi Erythrina ikawa inakufa, wataalamu walikuja Afrika Mashariki kutafuta anayemdhibiti kwao. Walimpata Tanzania, Eurytoma erythrinae, na mwaka 2008 akaachiwa Hawaii. Bila ya kujua nani anaishi wapi, kazi hiyo isingeanza hata siku moja. Ndiyo maana nukta yako ya Pangani naiona ni kazi ya kweli na si mchezo wa darasani.

Basi tuiweke. Chukua nyigu mmoja tu kwa kila aina, asubuhi akiwa mzito, kwa chupa yenye mdomo mpana. Wale wa barazani waache wasichukuliwe na watoto, na kama kuna mtu nyumbani ambaye aliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki au nyigu, asikaribie kabisa. Mtie kwenye spiriti ya hospitali. Kipande cha karatasi kiandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka, na kitiwe ndani ya chupa pamoja naye, si kubandikwa nje. Andika tarehe yenye mwaka kamili, jina lako, alikuwa akifanya nini na juu ya nini. Na mahali usiandike Pangani peke yake. Mto unaigawa Pangani, na msomaji wa lebo hiyo miaka 80 ijayo atataka kujua kama ulisimama upande wa mjini au ulivuka kwa kivuko ukamchukua Bweni. Ukishawapata, nitumie pamoja na viota vilivyokwisha kuhamwa. Belonogaster nitamchunguza kwa hadubini na kukurudishia jina la spishi yake kwa maandishi.